Redio ni Yake, Tanzia ni ya Nani?

Tuanze na kesi, halafu tubishane.

Ni katikati ya miaka ya 1970, kijiji kimoja huko Ndhiwa, enzi ambapo Migori na Homa Bay za leo bado zilikuwa wilaya moja iliyoitwa South Nyanza. Mzee mmoja, tumwite tu Jaduong', ana redio ya transista. Ndiyo redio pekee ukitembea nusu saa upande wowote. Jirani yake ni mjane ambaye kijiji kizima humwita Nyar Kadem, kwa sababu aliolewa kutoka Kadem, kule Nyatike karibu na ziwa. Siku hizo mtu akifia Nairobi, familia hupeleka tangazo Sauti ya Kenya, na msomaji hutaja majina ya ndugu, mashemeji na marafiki mmoja mmoja, popote walipo. Asiye na simu, na karibu kila mtu hana, huarifiwa na redio.

Jumatano hiyo Jaduong' ameizima. Mawe yamechoka, pesa za kununua mengine hazipo, na Jumapili Gor Mahia wanacheza. Anayawekea akiba. Tangazo linasomwa: kaka yake Nyar Kadem amefariki, atazikwa Jumamosi. Jina la Nyar Kadem linatajwa hewani, wazi kabisa, na pale kijijini hakuna anayelisikia. Anazipata habari wiki moja baadaye kutoka kwa mchuuzi wa omena aliyetoka Sori, ambaye anampa pole akidhani alikuwepo mazishini.

Hao wawili nimewabuni. Lakini muulize yeyote aliyekulia ushago huo enzi za mawe, atakuambia anawafahamu, labda hata atakuonyesha boma.

Swali: Je, Jaduong' amemkosea Nyar Kadem?

Wengi wetu tunaoishi mjini tutajibu haraka kwamba hapana. Redio yake, mawe yake, masikio yake. Huwezi kumdai mtu kitu ambacho hakuahidi. Na wazee wengi wa kule watajibu haraka vilevile kwamba ndiyo, tena sana, na watashangaa unauliza nini. Mimi naona majibu yote mawili yanaruka kitu, nacho ni chombo chenyewe. Redio haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliitengeneza na kampuni zilizoiuza, na kila ilipobadilishwa umbo, ilibadilisha pia nani anasikia na nani anamtegemea nani ili asikie.

Guglielmo Marconi alifungua kampuni yake London mwaka wa 1897, na muziki wa sebuleni haukuwa biashara yake. Alikuwa akiuza simu ya upepo, yaani ujumbe wa nukta na vistari, hasa kwa meli. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli iliyoitwa Californian ilikuwa imesimama katikati ya barafu, si mbali na Titanic. Ndani yake mlikuwa na mtu mmoja tu wa kuendesha mtambo wa Marconi. Jioni hiyo aliwaonya Titanic kuhusu barafu, akajibiwa anyamaze, mwenzake ana kazi. Yeye mwenyewe alikuwa kazini tangu asubuhi. Akazima mtambo, akaenda kulala. Dakika chache baadaye Titanic ikagonga barafu, ikaanza kuita msaada, na meli iliyokuwa karibu haikusikia. Watu wapatao 1,500 wakafa.

Je, yule kijana alikosea? Hakuna aliyemwajiri kukesha. Aliyelala baada ya kazi ya siku nzima hajaiba kitu cha mtu. Hata hivyo dunia haikuridhika na jibu hilo. Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini London mnamo Januari 1914 ukataka meli kubwa za abiria ziwe na mtu wa kusikiliza saa zote. Maana yake ni kwamba ukiwa na sikio la aina hii baharini, kusikia si hiari tena. Lakini mzigo huo haukuachiwa mtu mmoja aubebe kwa kukosa usingizi. Meli zilitakiwa kuwa na watu wa kupokezana zamu, na watu hao hulipwa. Wajibu ulikuja pamoja na mshahara. Shikilia hapo, tutarudi.

Baada ya Vita vya Kwanza, kampuni ileile ikageukia nyumba za watu. Mwaka wa 1922 Marconi na watengenezaji wengine wa redio waliungana kuunda BBC, kwa sababu rahisi ya kibiashara: nani atanunua sanduku lisilosema kitu? Mwaka huohuo ndipo redio za nyumbani za Marconi zilipoanza kuuzwa kwa jina la Marconiphone. Watu wenye pesa walipata mashine za valvu, na wengine wakapata redio za kioo, ambazo hazikuhitaji betri lakini sauti yake ilikuwa hafifu mno hadi lazima uvae hedifoni. Hebu piga picha: mtu mmoja anasikia, na nyumba nzima inamtazama uso ijue kama habari ni nzuri au mbaya.

Kisha valvu zikashuka bei na spika zikaboreka, sauti ikatoka kichwani mwa mtu ikaingia chumbani. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote katika hadithi hii, ingawa watu hukumbuka zaidi yale yaliyofuata. Kwa hedifoni, mwenye redio alisikia peke yake bila kujitahidi. Kwa spika, ilibidi ajitahidi ili asikie peke yake: afunge dirisha, apunguze sauti. Spika ndiyo iliyompa redio jirani.

Nairobi matangazo yalianza mwaka wa 1928, na yalikuwa ya walowezi, kwa Kiingereza. Baadaye yakaendeshwa kwa miaka mingi na Cable and Wireless, kampuni iliyotokana na kuunganishwa kwa kampuni ya Marconi na kampuni za nyaya za baharini mwaka wa 1929. Kama kuna Mluo wa Karungu aliyesikia redio miaka hiyo, huenda aliisikia kutoka jikoni kwa mzungu, kupitia mlango. Ilichukua Vita vya Pili, na vijana wetu kupelekwa Burma, kwa serikali kukumbuka kwamba Mwafrika naye ana masikio na ana familia inayotaka kujua kama mwanawe yuko hai.

Lakini asikilize kwa chombo gani? Hapa lazima nikutoe Kenya kidogo nikupeleke Lusaka, maana huko ndiko swali hilo lilijibiwa kwa namna ambayo bado inanifurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940, afisa wa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, alizunguka kwa miaka kadhaa akiwasihi watengenezaji wa Uingereza watengeneze redio ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua. Wakamkatalia. Redio zao zilikuwa samani za mbao, ghali, chakula cha mchwa. Mwishowe Ever Ready, kampuni ya betri, ikakubali. Kwa nini kampuni ya betri? Fikiria mwenyewe. Anayeuza redio anakuuzia mara moja, ila anayeuza betri anakuuzia maisha yako yote.

Kasha la redio ya kwanza ya majaribio lilitengenezwa kwa sufuria. Si mzaha: sufuria ya alumini yenye upana wa inchi tisa, spika mbele, valvu nne ndani. Ikapakwa rangi ya buluu na kuanza kuuzwa mwaka wa 1949 kwa pauni 5, betri ikiuzwa kando kwa pauni moja na robo. Kwa Kiingereza iliitwa Saucepan Special, nasi tuiite Redio Sufuria. Betri moja ilidumu saa 300 hivi. Ukisikiliza saa mbili kila jioni, unapata miezi mitano. Katika miezi mitatu ya kwanza ziliuzwa 1,500, na katika miaka michache iliyofuata zikafika maelfu kwa maelfu.

Nia ya serikali ilijulikana: watu wasikie inachotaka wasikie. Nia ya kampuni ilijulikana pia. Lakini hakuna aliyeandika kwenye sufuria ile kwamba mwenye redio lazima awakaribishe majirani. Hilo walilileta wanunuzi wenyewe. Mtu aliyetoa mshahara wa wiki nyingi kununua sauti aliiweka nje, jioni, watu wakaja. Mtengenezaji aliuza kifaa cha nyumbani na Afrika ikakifanya kifaa cha uwanjani.

Halafu ikaja transista. Iligunduliwa Marekani mwishoni mwa mwaka wa 1947. Mwaka wa 1954 redio ya kwanza ya transista ya kuuzwa madukani, Regency, ikatoka hukohuko, na mwaka uliofuata Wajapani wakatoa ya kwao chini ya jina la Sony. (Ukitaja Sony pale Awendo, jua mtu anafikiria sukari. Kiwanda cha South Nyanza kina jina hilo tangu 1979 na hakina habari na Japani.) Valvu zilikula umeme kama ng'ombe anavyokula majani. Transista iliridhika na mawe mawili, manne. Hapo ndipo redio ilifika Ndhiwa, Uriri, Muhuru Bay, mahali ambapo nguzo ya stima ingefika miaka mingi baadaye. Kisumu kulikuwa tayari na stesheni inayozungumza Dholuo, na kuanzia 1967 mawe yenyewe yalitengenezwa Nakuru, kwenye kiwanda cha Eveready, yale ya paka mweusi. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 2014, lakini kuna kizazi kizima ambacho hadi leo kikiona jiwe la redio linakumbuka kulianika juu ya bati, maana jiwe lililochoka likipata joto la jua hupata pumzi kidogo. Dakika kumi za habari. Nusu ya wimbo wa benga.

Sasa turudi kwa Jaduong'. Unaona kwamba yeye si mtu mwenye redio tu. Yeye ndiye Californian. Yeye ndiye mtambo pekee unaoweza kusikia, na watu wamejua hivyo, na wamepanga maisha yao wakijua hivyo. Ndugu wa marehemu kule Nairobi walilipia tangazo wakiamini kuna sikio Ndhiwa. Tangazo lilikuwa na jina la mtu ndani yake.

Hapo ndipo naachana na jibu la mjini. Redio ni yake, sawa. Mawe ni yake, sawa. Tanzia si yake. Ilitumwa kwa Nyar Kadem na ikapitia kwake, kama barua iliyotumwa kwa mkono wa abiria wa basi. Hakuna anayesema abiria anamiliki barua kwa sababu alilipa nauli yake mwenyewe. Waswahili husema mjumbe hauawi. Huwa tunautumia msemo huo kumkinga mjumbe, tunasahau upande wa pili: analindwa kwa sababu ana kazi. Anayetaka kinga ya mjumbe huku akikataa kufikisha ujumbe si mjumbe.

Lakini siachi pia jibu la wazee lipite bure. Kama kusikia ni wajibu, nani alilipia? Baharini waliajiriwa watu wa zamu. Ndhiwa, serikali ilileta matangazo, kampuni ikaleta mawe dukani, na zamu ya kusikiliza ikabebwa na mfuko wa mzee mmoja. Watu ishirini walikaa uani kwake jioni, wakasikia, wakaenda zao. Wangapi waliwahi kuja na jiwe moja mkononi? Pengine Nyar Kadem mwenyewe hakuwahi. Pengine hakuwa na cha kutoa, pengine aliona aibu kutoa kidogo, na Jaduong' aliona aibu kuomba. Kijiji kikiweka wajibu wake wote juu ya mtu mmoja, kisha kikamlaumu siku anapochoka, kijiji hicho nacho kina kesi ya kujibu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wanaolilia zamani hawapendi kulitaja. Aliyekuwa na redio alikuwa na mamlaka. Yeye ndiye alichagua stesheni. Wazee walikaa kwenye viti, wanawake wakasikilizia mlangoni wakisonga ugali, na msichana aliyetaka kusikia kitu kingine hakuwa na wa kumwambia. Kumtegemea jirani kwa habari za damu yako mwenyewe ni unyonge. Unalazimika kucheka utani wake. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba enzi ile watu walikuwa na utu kwa sababu walisikiliza redio moja, namwambia amuulize aliyekuwa mlangoni.

Chukua pia tarehe 1 Agosti 1982. Asubuhi hiyo ya Jumapili wanajeshi waliingia Sauti ya Kenya, wakamtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya siku kwisha mapinduzi yalikuwa yamezimwa na redio ikasema kinyume. Hebu mfikirie mwenye redio aliyekimbia boma hadi boma asubuhi kueleza. Je, jioni alikimbia tena? Nadhani wajibu wa mjumbe una miguu miwili. Ukibeba habari ya asubuhi, umejifunga kubeba na ya jioni. Anayebeba ya kwanza pekee ameacha uongo kwenye boma la mtu.

Unajua nilikokuwa nikielekea. Leo kila mtu ana simu. Angalia jinsi chombo kilivyozunguka: ukitaka kusikia FM kwenye simu nyingi lazima uchomeke hedifoni, maana waya wake ndio antena. Tumerudi mwaka wa 1922, mtu mmoja na sauti yake, ila sasa hakuna anayetutazama uso. Ndani ya matatu ya Rongo kwenda Migori wako abiria kumi na wanne na stesheni kumi na nne.

Na siyo hasara tupu. Msichana aliyekuwa mlangoni anachagua mwenyewe sasa, na hamchekei mtu kwa lazima. Uhuru huo ni mkubwa na sitauza hata robo yake nipate kumbukumbu tamu.

Lakini ona kilichotokea kwa tanzia. Mtu akifa Nairobi leo, kabla hajatoka hospitali kuna grupu la WhatsApp lenye jina lake na picha yake. Watu mia mbili wanaongezwa. Mchango unaanza, bajeti ya jeneza, gari la maiti, nani ataleta hema. Na kule Kadem au Kanyamwa yuko nyanya mmoja mwenye kabambe isiyo na intaneti, skrini imepasuka, chaji huitafuta sokoni. Hayumo kwenye grupu. Watu mia mbili wanajua, na kila mmoja anaamini mwingine amempigia. "Si alimwambia mtoto wake?" "Mimi nilidhani ni wewe." Anaambiwa na mwendesha bodaboda.

Je, nani amemkosea? Hapa ndipo kesi yetu ya kwanza inaonekana nyepesi. Ndhiwa ya miaka ya 1970, kosa lilikuwa na anwani. Nyar Kadem aliweza kwenda kwa Jaduong', akasimama uani, akasema lililo moyoni, na Jaduong' akalazimika kumtazama. Pengine wangegombana mwaka mzima. Pengine angempelekea kuku. Kulikuwa na mtu wa kuomba msamaha na mtu wa kusamehe. Nyanya wa leo aende uani kwa nani? Tulipogawa vyombo tuligawa pia lawama, vipande vidogo vidogo, hadi kipande cha kila mmoja kikawa chepesi mno kumkosesha mtu usingizi.

Nadhani huo ndio udanganyifu wa ndani kabisa katika historia hii yote ya redio, kutoka kwa Marconi hadi mfukoni mwako. Kila hatua chombo kilipokuwa cha bei nafuu zaidi, tuliambiwa kwamba sasa kila mtu anajitegemea. Haijawahi kuwa kweli. Daima yuko aliye nje ya masafa: aliyeishiwa mawe, aliyeishiwa bando, asiyesoma, asiyesikia lugha inayotumika, ambaye simu yake imezimika tangu juzi. Redio ilipokuwa moja, tulijua wasiosikia ni akina nani kwa sababu walikuwa wengi na tuliwaona. Zilipokuwa nyingi, wakawa wachache, na uchache wao ukawaficha.

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii. Jaduong' alikosea, kidogo, na kijiji kilikosea pamoja naye. Kosa lake halikuwa kuzima redio, maana mtu maskini ana haki ya kuweka akiba ya mawe yake, hata kwa ajili ya Gor. Kosa lake ni kuizima kimyakimya. Angesema, "Mawe yamebaki machache, wiki hii sitasikiliza," mtu angeleta jiwe, au angalau Nyar Kadem angejua kwamba hakuna anayemsikilizia, akatafuta sikio jingine. Aliye peke yake anayesikia anaweza kuchoka, lakini hawezi kuchoka bila kuwaambia wanaomtegemea.

Na kwetu sisi mia mbili wa kwenye grupu, wajibu ni mdogo zaidi na hauna kisingizio: habari yenye jina la mtu ikikufikia, jiulize nani haijamfikia, kisha umpigie bila kudhani. Akiwa ameshaambiwa, umepoteza shilingi chache za kupiga simu, naye amesikia sauti yako.

Kwa miaka mingi, tangu 1966, Mbotela aliendesha kipindi redioni ambacho jina lake ni swali: *Je, Huu ni Ungwana?* Alifariki Februari 2025. Wengi wetu tuliikuta sauti hiyo ikitoka kwenye redio ambayo hatukuinunua, kwa mawe ambayo hatukuyalipia, kwa sababu mtu fulani aliiweka dirishani badala ya kuifungia chumbani. Mtu huyo hakuwa na mkataba na sisi. Ila tunamdai kila anayekuja baada yake afanye vivyo hivyo, na haki ya kudai hivyo itakuwa yetu siku tutakapoanza na yule nyanya wa kabambe.